KCSE: Mstari Unaokata Mwingine Katikati kwa Digrii 90, Mlinganyo Wake Unapatikana Hivi

Kama uko kidato cha nne, hili swali unalijua: unapewa nukta mbili, unaambiwa utafute mlinganyo wa mstari unaokata ule wa kwanza katikati kwa digrii 90. Topiki yenyewe ni ya Fom 2, so wengi hufika kwa pepa washaisahau. Na likikupata Sekshoni ya Kwanza huna pa kukimbilia, juu maswali yote 16 ni lazima.

Chukua A(2, 1) na B(6, 9). Mstari wowote unataka vitu viwili tu: gradienti, na nukta moja unayopitia. Hapa ndipo wasee huchoma. A na B ziko hapo zinakuangalia, basi mtu anashika A anaingiza. Lakini mstari unaotafutwa haupiti A wala B. Unapita katikati yao, na hiyo nukta ni wewe wa kuitafuta.

Katikati ni wastani tu. Za x: (2 + 6) ÷ 2 = 4. Za y: (1 + 9) ÷ 2 = 5. Nukta yako ni M(4, 5). Cheki hapo ni kujumlisha. Kutoa ni kwa gradienti.

Gradienti ya AB ni (9 − 1) ÷ (6 − 2), yaani 2. Hiyo ni ya AB, si ya mstari wako. Mistari miwili ikikutana kwa digrii 90, ukizidisha gradienti zake unapata −1. Kwa hivyo pindua 2 iwe 1/2, halafu badilisha ishara: −1/2. Kuna wenye hupindua wakasahau ishara, na wenye hubadilisha ishara wakasahau kupindua. Wote maksi zinaenda.

Sasa ingiza: y − 5 = −1/2(x − 4). Zidisha pande zote kwa 2 mapema, hizo sehemu zisikusumbue: 2y − 10 = −x + 4, so x + 2y = 14. Wakitaka umbo la y = mx + c, andika y = −1/2x + 7.

Kujua kama uko rada: kila nukta ya huo mstari iko umbali sawa na A na B. Weka x = 0, y inakuwa 7. Kutoka A ni 2² + 6² = 40. Kutoka B ni 6² + 2² = 40. Fiti. Zikikataa kulingana, anza kuangalia ishara.

Kuna moja hushtua watu: A(1, 3) na B(7, 3). Gradienti ni 0, na 0 haipinduliki. Usipaniki. AB imelala, so mstari wako umesimama wima, na jibu ni x = 4 basi.

Na ukipewa nukta tatu za duara utafute senta, ni kitu ile ile mara mbili. Pale hiyo mistari miwili inakutana ndio senta.