Rufaa Ina Mkono Mmoja

Chini ya mkorosho, katika kata ya Mtawanya wilayani Kibiti, niligawiwa kabrasha la semina lenye kichwa hiki: "Uratibishaji Jumuishi wa Matunzo kwa Njia ya Vivutio". Waliokaa nami kwenye mabenchi walikuwa wahudumu wa afya wa ngazi ya jamii, watu wanaoijua kazi yao. Mama mmoja mtu mzima alikisoma kichwa kile mara mbili, kidole kikifuata herufi, kisha akanigeukia: "Samahani mwalimu, hivi vivutio ndio vya kule mbugani?"

Wenzake waliangua kicheko. Mimi sikucheka, kwa sababu yule mama alikuwa sahihi kuliko kamati nzima iliyokaa kutunga maneno yale. Magari ya watalii hupita Kibiti kila siku yakielekea Mloka na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kwa mtu wa huku, kivutio ni twiga.

Msomaji wangu hana haja ya kufundishwa dhana yenyewe. Anajua kwamba mifuko ya bima na serikali hutafuta mambo mawili: kumlipa mtoa huduma kwa namna itakayomfanya atende vizuri zaidi, na kuhakikisha mgonjwa hapotei njiani kati ya zahanati na hospitali. Ugomvi wangu ni wa majina, na katika ugomvi huu sina mpango wa kusuluhishwa.

La kwanza, vivutio, nitalimaliza upesi. Tunalo neno motisha. Mwalimu analidai, nesi analidai, mwenyekiti wa kijiji analidai. Neno linalodaiwa na watu wote hivyo halihitaji mrithi. Takrima, neno jingine la aina hiyo, ilikuwa na uzuri wake, lakini wanasiasa waliichafua mpaka Mahakama Kuu ikaja kuifuta katika sheria ya uchaguzi mwaka 2006. Kilichonikera zaidi ni kwamba watunzi wa kabrasha walikuwa wameshika dhahabu bila kujua. Waliandika matunzo. Kutunza kwa Kiswahili ni kulea na kuangalia. Lakini nenda kwenye taarabu uone mtu anavyoinuka na noti kwenda kumtunza mwimbaji. Kitenzi kimoja kinabeba uangalizi na zawadi ya kazi njema, na jirani yake ni tuza, aliyezaa tuzo. Wazee waliokwisha kuyaweka mambo hayo mawili katika tamko moja hawakuwa na posho ya kikao.

Sasa niingie kwenye kiini. Uratibishaji ni kosa la sarufi kabla halijawa kosa la istilahi. Ratibu tumeitoa kwenye Kiarabu, penye maana ya kupanga vitu mahali pake. Humo ndimo zilimotoka ratiba, utaratibu na mratibu. Kitenzi hicho tayari kina mtendaji na mtendwa. Ukikibandika -isha unapata ratibisha, yaani kumfanya mtu mwingine aratibu. Kwa hiyo kabrasha, likisomwa kwa haki, liliahidi kwamba kuna mtu atamfanya mtu amfanye mgonjwa apangike. Si ajabu semina ilichukua siku tatu.

Hata uratibu wenyewe, ambao baadhi ya wenzangu wanautetea kwa jazba, una upungufu. Uratibu ni neno la mezani. Unamtaja anayepanga, aliyekaa na faili na simu, na kuwasahau wanaomshika mgonjwa. Wilaya ina waratibu wa chanjo, waratibu wa malaria, waratibu wa afya ya uzazi na mtoto; kila mmoja na ratiba yake, na mgonjwa ni yuleyule anayezunguka kati yao.

Wapo watakaosema basi tutumie rufaa. Rufaa nayo ni ya Kiarabu, kutoka katika kuinua. Mahakamani shauri huinuliwa kwenda juu. Hospitalini mgonjwa huinuliwa kutoka zahanati kwenda kituo cha afya, hospitali ya wilaya, Tumbi kule Kibaha, hatimaye Muhimbili. Neno linaeleza kupanda tu. Halisemi nani kule juu ananyoosha mkono kupokea, wala nani atamfuatilia mgonjwa akirudishwa kijijini na karatasi ya vidonge. Rufaa ina mkono mmoja.

Ndiyo maana kwa miaka kadhaa nimependekeza upokezano. Tazama ukoo wake: pokea, pokeza, pokezana, mapokezi, ambalo ndilo dirisha la kwanza mgonjwa analokutana nalo hospitalini, mapokeo, yaani yale tuliyoachiwa na waliotutangulia. Hata poka na pokonya zimo katika ujirani huo, kutukumbusha kwamba mkono uleule unaopokea unaweza kunyang'anya. Na pale katikati pana desturi ambayo hakuna kamati iliyoibuni. Mgeni akionekana njiani na mzigo kichwani, mama humwambia mtoto, "Kampokee shangazi yako." Mtoto hakai mlangoni kungoja. Anakimbia kumfuata, anasema shikamoo, anatwaa mzigo, na shangazi hauachii mpaka ahisi umeshikwa. Katika nukta ile mikono ya watu wawili iko juu ya mzigo mmoja. Hiyo -ana ya mwisho wa kitenzi pokezana, alama ya kutendana, ndiyo dhana yote. Anayetoa hajamaliza mpaka apokee aliye mbele yake.

Delta ya Rufiji inalielewa hili kuliko ofisi yoyote. Mjamzito wa Kiongoroni hutoka kwa chombo, na chombo husubiri maji kujaa. Nchi kavu anahitaji gari, na mwisho wa gari anahitaji mkunga aliyeambiwa kwamba anakuja. Kila kiungo kinaweza kuwa kizima, na mama akapotea kwenye vifundo.

Mkoa wa Pwani ndiko malipo kwa ufanisi yalikojaribiwa kuanzia mwaka 2011, kwa fedha za Norway, wakati Kibiti ingali sehemu ya Wilaya ya Rufiji. Vituo vililipwa bonasi kila baada ya miezi sita kwa kufikia malengo. Katika zahanati na vituo vya afya, robo tatu ya fedha ilikwenda kwa watumishi na robo kwa kituo. Timu za usimamizi za wilaya na mkoa nazo zilikuwa na fungu lao. Tathmini iliyofanywa na Taasisi ya Afya Ifakara na wenzake wa ng'ambo ilionyesha kwamba akina mama wanaojifungulia vituoni waliongezeka kwa pointi 8.2 za asilimia, na waliopata dozi mbili za kinga ya malaria katika ujauzito kwa pointi 10.3. Huduma nyingine nyingi zilizolengwa hazikusogea kwa kiwango cha kutia moyo. Nayasoma matokeo hayo kama mtu wa maneno: motisha inaweza kumwamsha aliyeshika mzigo. Ili mzigo ufike, lazima na anayengoja mbele awe na sababu ya kukimbilia njiani.

Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulijifunza jambo lilo hilo kwa njia yake. Ulipoanza Igunga mwaka 1996 na kuenea baadaye, kadi ya mwanachama kwa kawaida iliishia pale alipojiandikishia. CHF iliyoboreshwa, kwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, ilimwezesha kupanda kwa barua ya rufaa mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa. Kadi ikapata miguu. Sasa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 ipo, na nyaraka zake zitahitaji Kiswahili. Nawaomba wahusika wasituletee twiga tena.

Wapinzani wangu wana hoja mbili. Mmoja anasema upokezano unanuka zamu, kama mbio za vijiti. Naam, na asiyejua kwamba mbio zile hushindwa pale kijiti kinapodondoka katikati ya mikono miwili, na aende uwanjani kwanza. Mwingine anapigia debe "ufungamanishi wa huduma". Sina la kumjibu, ila namwomba alitamke mara tatu mfululizo mbele ya mjamzito.

Mimi mwenyewe niliandika barua, kurasa nne, mifano 17, kwenda kwa kamati ambayo sitaitaja. Baada ya miezi saba nilijibiwa kwa sentensi moja: "Pendekezo lako limepokelewa." Nililia kwa kicheko. Limepokelewa, halikupokezwa kwa yeyote.

Matumizi kwa haraka: upokezano wa huduma, mpokezanishi kwa anayesimamia, kituo kitoacho na kituo kipokeacho, motisha ibaki motisha.

Semina ilipovunjika, yule mama alinikabidhi kabrasha lake akisema hana kazi nalo. Alichukua daftari lake la kaya, akapanda bodaboda. Alikuwa na mgonjwa aliyerudishwa kutoka hospitali siku ile, na hakuna aliyempigia simu kumwambia. Alisikia kwa majirani.