Kebo Isiyokuwepo: Viigaji vya Mitandao ya Vihisi na Njia Yake ya Kuifikia Kompyuta

Mwaka 2002, watafiti wa maabara ya Intel iliyokuwa Berkeley, California, wakishirikiana na chuo cha College of the Atlantic, walitega vihisi 32 katika kisiwa cha Great Duck, jimbo la Maine. Walitaka kujua joto na unyevu wa mashimo wanamotagia ndege wadogo wa baharini wasiopenda kabisa kubughudhiwa na binadamu. Kila kifaa, au nodi, kilikuwa na betri, redio na kompyuta ndogo mno. Vipimo vilisafiri kwa redio hadi kituo kilichokuwa kisiwani humo, na kutoka hapo vikarushwa kwa setilaiti hadi Berkeley.

Wanaosimulia kisa hiki huwataja ndege, wakaitaja redio, wakaishia hapo. Ila mtandao wa vihisi, hata uitwe usiotumia waya mara ngapi, kwa kawaida huishia kwenye waya. Lazima nodi moja ichomekwe kwenye kompyuta, imwage huko baiti zote ilizopokea kwa wenzake. Kebo hiyo fupi ndiyo iliyokuja kuwasumbua waliotaka kuziigiza nodi ndani ya kompyuta.

Haja ya kuigiza ilikuwa wazi. Nodi zikishafukiwa kisiwani, kosa moja tu katika programu laweza kumlazimu mtu azifukue, azipakie upya, azirudishe mashimoni, na msimu wa kutaga haumsubiri mtu. Mwaka 2003, Philip Levis, Nelson Lee, Matt Welsh na David Culler waliwasilisha kiigaji chao, TOSSIM. Programu ileile iliyoandikwa kwa ajili ya TinyOS, mfumo endeshi uliozaliwa Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, ilipitishwa kwenye kompaila ili iendeshwe na kompyuta ya mezani badala ya chipu ya nodi. Mashine moja ikaweza kubeba nodi za kuigiza hata elfu moja.

Lakini nodi ya kuigiza haina tundu la kuchomeka kebo, na programu za kuchora grafu na kuhifadhi vipimo zilishaandikwa zikitegemea kebo. Zingeandikwa upya? Kwa bahati TinyOS ilikuwa na kiprogramu cha Java kiitwacho SerialForwarder. Kazi yake ilikuwa kusoma pakiti kutoka kwenye kebo na kuzigawa kwa njia ya TCP, katika mlango namba 9001, kwa programu yoyote iliyozihitaji. Kumbe chanzo cha pakiti hizo kingeweza pia kuwa TOSSIM. Programu ya grafu iliendelea kuchora bila namna yoyote ya kujua kama joto lile lilipimwa shimoni au lilitungwa na kiigaji. Kwangu mimi, hapa ndipo ubunifu mkubwa ulipo, kuliko hata zile hesabu za mawimbi ya redio: kiigaji kiliiga pia kebo.

Njia ya pili ya kuifikia kompyuta ilianzia Kista, Sweden, katika taasisi ya utafiti ya SICS. Wakati watafiti wengi wakiamini kwamba itifaki za intaneti ni mzigo usiobebeka kwa vifaa vidogo, Adam Dunkels aliandika uIP, utekelezaji wa TCP/IP ulioweza kukaa katika kumbukumbu ya mamia machache tu ya baiti. Baadaye ukaja mfumo endeshi wake, Contiki, ambao uliweza kuendeshwa hata kwenye Commodore 64, mashine ya mwaka 1982. Nodi ikishajua lugha ya intaneti, hakuna haja ya kuitungia kompyuta lugha mpya. Kilichobaki ni kuzipitisha pakiti za intaneti kwenye kebo ya baiti mojamoja, na dawa ya hilo ilikuwepo tangu zamani.

Dawa hiyo ni SLIP. Rick Adams aliitia katika Unix ya Berkeley toleo 4.2 mwaka 1984, na miaka minne baadaye J. Romkey akaiandikia waraka namba RFC 1055, ambao kichwa chake chenyewe kinakiri kwamba hiki si kiwango rasmi. Utaratibu wake unaenea katika nusu ukurasa. Baiti yenye thamani 192 humaanisha mwisho wa pakiti. Ikitokea 192 ndani ya pakiti yenyewe, hutumwa 219 ikifuatwa na 220. Ikitokea 219, hutumwa 219 na 221. Basi. Hakuna anwani, hakuna hesabu ya kukagua makosa. Kwenye modemu za simu SLIP ilisukumwa kando na itifaki ya PPP, lakini kwa chipu kama ya bodi ya Tmote Sky, yenye kilobaiti 10 tu za kumbukumbu ya kufanyia kazi, ufukara huo ulikuwa neema.

Mwaka 2006 Fredrik Österlind na wenzake wa SICS walitoa Cooja, kiigaji cha Contiki kilichoandikwa kwa Java. Mwaka uliofuata ukaja MSPSim wa Joakim Eriksson, unaoiga chipu ya MSP430 amri kwa amri, na ukaunganishwa na Cooja. Hapo faili lilelile ambalo lingepakiwa kwenye bodi halisi likaweza kuendeshwa bila kubadilishwa hata baiti moja.

Ndani ya Cooja, nodi moja hupewa kazi ya lango la mtandao. Mtumiaji huifungulia soketi. Nodi namba 1 hupata mlango 60001. Upande wa Linux huendeshwa programu ndogo, tunslip6, inayojiunga na soketi hiyo na kuunda kiungo cha mtandao kiitwacho tun0, nayo Linux hukichukulia kama kadi nyingine yoyote ya mtandao. Mazungumzo ya kwanza kati yao ni mafupi ajabu. Nodi hutuma herufi mbili, ?P, yaani inaomba kianzio cha anwani za IPv6. Kompyuta hujibu !P na baiti nane za kianzio chenyewe. Tangu hapo mtu anaweza kuipigia nodi isiyokuwepo amri ya ping, au kufungua ukurasa wake kwa kivinjari.

Tatizo lililobaki ni saa. Kiigaji kina wakati wake. Kikiachiwa mbio, dakika kumi za mtandao hupita kwa sekunde chache, ilhali kompyuta ya nje ingali inahesabu sekunde za ukutani. Muda wa kusubiri jibu kwa upande mmoja hauna maana kwa mwingine. Nodi zikiwa nyingi na kila chipu ikiigwa amri kwa amri, mambo hugeuka: kiigaji hubaki nyuma, na programu ya nje, ikidhani pakiti imepotea, huituma tena na kukiongezea mzigo kiigaji kilichokwisha kuelemewa. Cooja huruhusu mwendo ufungwe kwenye asilimia 100 ya wakati halisi, lakini kikomo hicho huzuia kwenda mbio tu; mashine iliyoelemewa hakiiongezei nguvu. Ndiyo maana vipimo vya ucheleweshaji vilivyochukuliwa kupitia tun0 huhitaji kusomwa kwa tahadhari: sehemu ya kinachopimwa ni kompyuta ya mtafiti mwenyewe.

Mwaka 2017 Contiki-NG ilichipuka kutoka Contiki na kuacha msaada kwa bodi nyingi za zamani. Cooja ilibaki, tunslip6 ilibaki, na baiti 192 bado ndiyo inayofunga kila pakiti. Kilichobadilika ni kianzio kilichozoeleka katika mifano: aaaa::, ambacho hakikuwahi kutengwa kwa matumizi hayo, kilipisha fd00::, kilichomo katika fungu lililotengwa rasmi kwa mitandao ya ndani.