Historia ya maboyi wa Elisabethville: jina la nani juu ya kitabu?

Mwaka 1965 huko Elisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi, André Yav aliandika historia ya mji ule katika Kiswahili cha Katanga. Aliandika kwa niaba ya maboyi, watu waliotumika katika nyumba za Wazungu.

Karatasi zake zilimfikia mtaalamu Johannes Fabian. Zilikuwa ngumu kusoma, mpaka Kalundi Mango alipozisoma kwa sauti, ndipo maana ikafunguka. Kitabu kilipochapwa mwaka 1990, jina la Yav liliwekwa katika kichwa chake, na Fabian na Kalundi wakatajwa kila mmoja kwa kazi yake. Hakuna aliyefichwa.

Ingeweza kuwa vingine. Mwandishi wa kificho anaandika, analipwa, lakini kitabu kinatoka kwa jina la mtu mwingine. Waandishi wawili wenye kushirikiana wanatia majina yote mawili, wanagawana faida na lawama.

Jambo hili linawagusa ninyi muliokimbia vijiji vyenu. Mtu akija na daftari kuomba habari za maisha yenu, mumuulize kwanza: jina la nani litaandikwa? Kama kuna feza, ni za nani? Tutasomewa kabla ya kuchapa? Mwingine atataka jina lake lifichwe kwa usalama wake. Ni haki yake, lakini achague yeye mwenyewe.