Mavuno ya Mwaka Gani? Jani la Tumbaku, Kuba na Kwetu

Ndugu wakulima wa Mwankoko, na ninyi nyote mnaotufuata kutoka pande za Singida, leo tunaacha jembe kidogo tufungue historia. Swali letu ni fupi. Kwa nini zao lile lile, katika shamba lile lile, huwa zuri mwaka huu na hafifu mwaka ujao? Najua jibu litakalotoka upesi: "Ni mvua, Bwana Shamba." Kweli, lakini hiyo ni nusu ya jibu. Nusu ya pili tutaitafuta katika jani la tumbaku.

Mtasema, sisi ni watu wa alizeti, uwele na mtama, tumbaku inatuhusu nini? Inatuhusu kwa sababu ni zao ambalo mnunuzi halihurumii hata kidogo. Hulitazama rangi, hulishika, hulinusa, halafu hulipangia daraja. Kosa la mkulima huonekana siku ile ile. Na jirani zetu wa Tabora wanalijua vizuri.

Tuanzie Urambo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga hapa Tanganyika, kwanza Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Matrekta yaliletwa, miti ikang'olewa, lakini karanga hazikuitika. Mwaka 1951 mpango ulifutwa, na hasara ilikuwa kama paundi milioni 36. Mwaka 1955 Shirika la Kilimo la Tanganyika lilirithi ardhi ile, na tumbaku ya mvuke ikashika nafasi ya karanga. Udongo mwepesi wa kichanga wa miombo, ambao hauna rutuba nyingi, ndio hasa unaofaa tumbaku hiyo.

Sasa tazama kazi yenyewe. Tumbaku ya mvuke huchumwa kuanzia majani ya chini kwenda juu, machache machache, kadiri yanavyoiva. Kisha huingizwa katika bani. Moto huanza mdogo, kama nyuzijoto 35 hadi 40, ili jani ligeuke manjano. Baadaye moto huongezwa polepole mpaka kufika nyuzijoto 70 na kidogo, ili mshipa wa katikati nao ukauke. Kazi hiyo huchukua kama juma moja. Ukiharakisha moto, jani hukauka likiwa bado kijani. Ukisinzia ukauacha moto ufe, jani huharibika rangi. Mvua ilikuwa njema, shamba lilikuwa zuri, na daraja limepotea ndani ya bani!

Si hilo tu. Mbolea ikichelewa kufika, jani hushindwa kuiva kwa wakati wake, nalo likiingia banini hubaki na ukijani. Je, mbolea huchelewa kwa sababu ya mvua? Hapana. Huchelewa kwa sababu ya watu na mipango. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchini, na shughuli zake zikahamia kwa mamlaka za mazao. Sheria ya kuvirudisha ilipitishwa mwaka 1982. Baadaye, katika miaka ya 1990, biashara ilifunguliwa na makampuni binafsi yakaingia kununua. Kila badiliko la namna hiyo lilimgusa mkulima katika mambo yale yale: nani analeta mbolea, nani anapanga daraja, na malipo yanafika lini. Kwa hiyo ukitaka kulinganisha tumbaku ya msimu mmoja na ya msimu mwingine, kupima mvua peke yake hakutoshi. Uliza pia habari za ghala na za soko.

Hebu tuvuke bahari twende Kuba, kisiwa ambacho kulinganisha miaka ya tumbaku ni jambo la kila siku. Huko, katika mkoa wa Pinar del Río, hulimwa majani ya kutengenezea biri, yaani zile sigara nene zinazosokotwa kwa mkono kwa majani matupu. Hawatumii moto kama wenzetu wa Urambo. Majani hutundikwa katika nyumba za kukaushia, hupigwa na hewa kwa wiki nyingi, kisha hulundikwa yachachuke, na mengine huwekwa miaka miwili au zaidi kabla ya kusokotwa.

Wavutaji wa biri hizo hubishana kuhusu miaka kama sisi tunavyobishana kuhusu mpira. Mwaka 1960 serikali ya mapinduzi ilitaifisha viwanda, na mwaka 1962 Marekani ikafunga biashara na Kuba. Biri zilizotengenezwa kabla ya hapo hutafutwa hadi leo na kuuzwa kwa bei kubwa. Halafu msimu wa 1979 na 1980 ukaja ugonjwa wa ukungu wa buluu. Uliangamiza sehemu kubwa ya tumbaku ya kisiwa, na viwanda vikasimama kwa kukosa majani. Mbegu yao mashuhuri, Corojo, ilipendwa kwa jani lake la kufungia biri, lakini haikuweza kuuhimili ugonjwa huo.

Ndipo watafiti wakatafuta mbegu ngumu zaidi. Mmoja katika uzao huo mpya uliitwa Habana 2000. Ulistahimili ugonjwa vizuri, lakini wavutaji walilalamika kwamba jani lake haliungui sawasawa, nao ukaachwa, nafasi yake ikachukuliwa na mbegu nyingine. Hapo pana funzo: mbegu inayoshinda ugonjwa si lazima ishinde sokoni.

Tena mwishoni mwa miaka ya 1990 haja ya biri ilipanda duniani. Kuba ikasukuma uzalishaji haraka, wasokotaji wapya wakaingizwa kazini, na biri nyingi za wakati huo zilisokotwa kwa kubana mno hata moshi haupiti. Shamba halikuwa na hatia. Ilikuwa pupa. Na Septemba 2022 kimbunga Ian kilibomoa maelfu ya nyumba za kukaushia huko Pinar del Río. Hata jani likiota vizuri, utalitundika wapi?

Basi tumehesabu mambo manne yanayoufanya mwaka uwe mwema au mbaya: hali ya hewa, mbegu, ukaushaji, na haraka ya biashara. Katika manne hayo, ni moja tu ambalo ni la Mungu peke yake.

Lakini watu wa Kuba wanajuaje haya yote? Wanajua kwa sababu yameandikwa. Tangu mwaka 1985 chini ya kila kasha la biri hupigwa mhuri wa kiwanda na tarehe. Mwanzoni mhuri ulikuwa wa herufi za siri, baadaye mwezi na mwaka vikaandikwa wazi. Mtu akifungua kasha baya, anaweza kulifuata mpaka mwezi lilipotengenezwa.

Sasa turudi Mwankoko. Alizeti yetu huchanganywa gunia kwa gunia, ya shamba la juu na ya bondeni, ya mbegu ya dukani na ya mbegu iliyobakizwa ndani. Mbegu ile ya zamani iitwayo Record imepita mikono mingi. Na alizeti si kama tumbaku, maana tumbaku hujichavusha yenyewe, bali alizeti huchavushwa na nyuki wanaotoka shamba hadi shamba. Ukipanda mbegu uliyobakiza karibu na shamba la jirani mwenye mbegu nyingine, miaka michache tu hujui tena unacholima. Mafuta yakipungua kwenye mashine ya kukamua, tunasema ni mwaka mbaya. Nani ana ushahidi?

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nunueni daftari moja la shule. Andikeni siku mliyopanda, jina la mbegu na mahali mlipoipata, mvua ya kwanza na ya mwisho, siku ya kuvuna, siku ngapi alizeti ilianikwa na kama ilinyeshewa. Kisha andikeni magunia mangapi yalikwenda mashineni na mafuta kiasi gani yalitoka. Asiyejua kuandika amwite mtoto aliye shuleni, atamwandikia.

Baada ya misimu mitatu mtakaa chini ya mti mlinganishe. Mtaona mwaka ambao mvua ilikuwa haba na mafuta yakatoka, na mwaka ambao mvua ilimwagika na mafuta yakakataa. Hapo mtajua kosa lilikuwa la mbingu au la ghala. Mkulima mwenye daftari hadanganywi na mnunuzi anayemwambia mzigo wake ni hafifu, maana anao wa mwaka jana wa kuulinganisha nao.

Kazi njema, ndugu wakulima.