Juu ya Kamera za Kale: Yaliyo Kweli na Yaliyo Dhana

Siku moja niliketi barazani kwa bibi mmoja wa Buguruni, katika mji wa Dar es Salaam, naye akatoa mkebe wenye picha za jamaa zake. Picha moja ilikuwa ya mama yake, amejitanda nguo nyeusi, na nyuma yake umeandikwa mwaka 1948. Wajukuu wakasema, “Bibi, hapa mama yako alikuwa amefiwa, ndiyo maana amejitanda kaniki.” Bibi akajibu, “Hakufiwa na mtu. Ile ni kanga nyekundu. Nami nilibebwa nayo.” Wajukuu wakacheka, wakidhani uzee umemsahaulisha. Walakini aliyesahau si bibi. Kamera ndiyo isiyoiona rangi ile.

Nimelikumbuka jambo hili kwa sababu walimu wengi huandika habari za mila kwa kutazama picha za kale. Asiyejua desturi za kamera huweza kuandika uongo kwa nia njema. Basi yafaa tutenge kweli na dhana.

Dhana ya kwanza ni kwamba kazi ya picha katika pwani yetu ilikuwa ya Wazungu peke yao. Ni kweli kwamba ufundi huu ulitangazwa Ufaransa mwaka 1839, kwa kazi ya Daguerre. Na mwaka 1860 J. A. Grant alipiga picha Unguja, kabla ya kuingia bara pamoja na Speke. Lakini baada yao walikuja mafundi wa Kigoa. A. C. Gomes alikuwa na studio Unguja, na jina la nyumba yake likafika hata Dar es Salaam, J. B. Coutinho naye alifanya kazi Unguja. Mjerumani Walther Dobbertin alikuja nchi hii mwaka 1906, wakati Wagoa wamekwisha kuwa mafundi wa siku nyingi. Na mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio, Unguja.

Dhana ya pili ni kwamba picha isiyo na rangi huonyesha weusi na weupe kama ulivyo. Sivyo. Filamu hupakwa chumvi za fedha, na chumvi hizo kwa asili yake huona mwanga wa buluu tu. Mwaka 1873 Vogel, katika mji wa Berlin, aligundua kwamba zikitiwa rangi fulani huona na kijani pia; lakini nyekundu zilikuwa bado haziioni. Sahani za kioo zenye kuona rangi zote zilianza kuuzwa mwaka 1906, walakini filamu zisizoona nyekundu ziliendelea kutumiwa sana. Filamu ya Kodak iliyoitwa Verichrome, ambayo watu wengi waliinunua tangu mwaka 1931, haikuona nyekundu hata ilipobadilishwa mwaka 1956. Kwa hiyo kanga nyekundu ilitoka nyeusi, na nguo ya buluu ikatoka nyeupe kuliko ilivyo. Anayetaka ushahidi na akumbuke taa nyekundu ya chumba cha giza: fundi aliweza kuiwasha kwa sababu filamu na karatasi zake hazikuiona.

Dhana ya tatu imo katika maneno yetu wenyewe. Kamera ikifunguliwa kabla ya wakati twasema, “Picha zimeungua.” Hapana moto, ni mwanga umeingia. Watu wengi huutupa mkanda wote, na kumbe mwanga huharibu kwanza mizunguko ya nje, na picha za ndani huenda zikapona. Kinyume chake, ziko filamu za kale, hasa za kabla ya mwaka 1950, zilizotengenezwa kwa seluloidi ya naitreti, nazo huungua kweli, tena kwa ukali. Zikionekana katika sanduku la kanisa au la shule zitengwe na nyingine, zisikaribishwe moto.

Dhana ya nne ni kwamba kamera huchukua kivuli cha mtu, yaani nafsi yake. Tusiwacheke wenye hofu hii. Picha “hupigwa”, kama risasi. Kisha “husafishwa” gizani kwa “dawa”. Anayesikia maneno haya hukumbuka kazi ya mganga kabla ya kazi ya fundi. Tena kamera ilichukua kitu kweli. Katika postikadi zilizouzwa zamani, mwanamke alitajwa kwa kabila lake tu, jina lake lisiandikwe; akasafiri Ulaya kwa posta, wala jamaa zake wasijue. Hakuibiwa nafsi, bali aliibiwa jina.

Ndipo ninapowaomba walimu na makasisi jambo moja. Mwaka 1900 kamera ya Brownie iliuzwa dola moja Marekani, na tangu hapo watu wa kawaida waliweza kujipiga picha wao wenyewe. Kwa hiyo mengi ya mambo yetu ya kale hayamo katika vitabu, yamo mikebeni, katika joto na unyevu wa pwani, na wanaoyajua wanapungua. Nendeni kwa wazee pamoja na picha zao. Ulizeni jina kwanza, kisha mwaka, kisha rangi ya nguo. Andikeni nyuma kwa penseli, polepole, msiikwaruze picha. Picha na neno la mzee zikihitilafiana, msifanye haraka kumhukumu mzee.

Siku ile barazani Buguruni tuliigeuza picha ya mama yake. Chini ya mwaka 1948 mjukuu mmoja akaandika jina la marehemu kama bibi alivyomtajia, akaongeza: “Kanga nyekundu.”