Ucheshi: silaha ya mnyonge, fimbo ya mkubwa

UCHESHI ni sanaa ya kusababisha kicheko kwa maneno, matendo au michoro. Mbali na kuburudisha, unaweza kumshusha mwenye mamlaka au kumdunisha zaidi mnyonge. Kinachoamua ni nani anayemcheka nani.

Mtaa wa Milimani jijini Nakuru, uliokaliwa na Wazungu enzi za ukoloni, ndiko iliko Ikulu ya Nakuru. Humo Rais Daniel arap Moi, aliyetawala kuanzia 1978 hadi 2002, alizoea kupokea wajumbe. Chini ya mfumo wa chama kimoja, aliyemfanyia rais mzaha hadharani alihatarisha uhuru wake.

Mambo yalianza kubadilika vyama vingi viliporejeshwa Desemba 1991. Mchoraji vibonzo Godfrey Mwampembwa, almaarufu Gado, alimchora Moi katika gazeti la Daily Nation. Mwishoni mwa mwongo huo, kundi la Redykyulass, lenye waigizaji Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, likamwiga rais katika runinga. Raia waliozoea kunong'ona wakamcheka kiongozi wao sebuleni, na hofu ikapungua.

Hata hivyo, kicheko pekee hakimwondoi mtawala. Moi aling'atuka kwa sababu Katiba ilimzuia kuwania tena. Naye Kiarie alijiunga na tabaka lililokuwa likichekwa alipochaguliwa mbunge wa Dagoretti Kusini 2017.

Kwa upande mwingine, katika mitaa ya kifahari kama Milimani, lango hulindwa na bawabu na watoto hulelewa na yaya. Hao nao hugeuzwa kichekesho, hasa kwa sababu ya lafudhi zao. Katika kipindi cha Papa Shirandula cha runinga ya Citizen, marehemu Charles Bukeko aliigiza mlinzi aliyevaa suti ili kumficha mkewe kazi yake. Mtazamaji angeweza kuicheka jamii inayodharau kazi hiyo, au kushikilia dhana kwamba Mluhya ni wa kulinda lango tu.

Dhana za kikabila si jambo dogo Nakuru, mojawapo ya maeneo yaliyoathiriwa vibaya na ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007. Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya 2008 inaharamisha matamshi ya chuki ya kikabila, na uhuru wa kujieleza katika Katiba ya 2010 hauyalindi.

Lakini sheria haifiki langoni. Tajiri anapoiga lafudhi ya mlinzi wake, mlinzi naye hucheka, kwa kuwa mshahara wake umo mikononi mwa anayemwiga. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha.