Mshono Uliofichwa: Takhmisi, Programu za Kubadili Maneno na Ushahidi wa Wizi wa Kitaaluma

Tarehe 25 Oktoba 1961 Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, ng'ambo ya viwanja vya Mnazi Mmoja mtu atokapo Mchafukoge. Kilianza na kitivo kimoja tu, cha Sheria, kabla ya kuhamia Mlimani mwaka 1964. Leo, katika maduka ya uchapaji ya Mchafukoge na Kariakoo, mswada hunakiliwa na kujalidiwa kwa muda mfupi. Urahisi huo wa kunakili una historia, na programu zinazobadili maneno ya andiko la mtu mwingine ni hatua yake ya karibuni. Makala haya yanadai kwamba mbinu za kuzinasa programu hizo haziwezi kuhamishiwa kwenye Kiswahili bila kuzingatia historia ya istilahi zake.

Kutumia maneno ya mwingine si jambo geni katika Kiswahili, wala si kosa kwa lenyewe. Katika takhmisi, mshairi huchukua beti za mishororo miwili za mtangulizi wake, akatanguliza mitatu yake katika kila ubeti. Takhmisi ya Liyongo, inayonasibishwa na Sayyid Abdallah bin Nasir, ni mfano mashuhuri. Hadhira hujua mishororo ipi ni ya nani; mshono uko wazi. Kosa la kitaaluma huanza pale mshono unapofichwa.

Kwa muda mrefu ufichaji huo ulikuwa dhaifu. Turnitin, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1998, hulinganisha andiko na hazina ya maandiko mengine na kuonyesha mifuatano ya maneno inayofanana. Programu za kubadili maneno ziliundwa kuukata mfuatano huo kwa kuweka visawe. Mwaka 2021 Guillaume Cabanac, Cyril Labbé na Alexander Magazinov walionyesha udhaifu wake: programu haitambui kwamba istilahi ni kitu kimoja kisichogawanyika. Katika makala za Kiingereza walikuta saratani ya matiti imegeuzwa kuwa kitu mithili ya "hatari ya kifuani", na jina la akili ya kompyuta kuwa mithili ya "fahamu ghushi". Vifungu hivyo waliviita vilivyoteswa.

Mbinu yao inategemea istilahi iliyokwisha kutulia. Hapo ndipo Kiswahili kinapodai tahadhari. Dhana hiyohiyo ya akili ya kompyuta huitwa "akili bandia", "akili unde" na "akili mnemba", na kila jina lina watumiaji wake. Vivyo hivyo, baadhi ya vitabu vya sarufi husema "ngeli za majina" na vingine "ngeli za nomino". Tofauti hizi zimetokana na kazi ya vyombo na wataalamu mbalimbali, tangu Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 hadi BAKITA, iliyoundwa mwaka 1967. Orodha ya vifungu vya kushukiwa isiyoijua historia hii itamtia hatiani mwanafunzi aliyefuata kitabu tofauti na cha mtahini wake.

Upatanisho wa kisarufi unatoa dalili nyingine. Sentensi "tatizo hili limezuka" ikibadilishwa nomino peke yake, hubaki "changamoto hili limezuka": nomino ni mpya, lakini viambishi vya ngeli ya ile ya zamani vimebaki. Hata hivyo, anayejifunza Kiswahili kama lugha ya pili naye hukosea upatanisho. Kinachopaswa kuchunguzwa ni mpangilio wa makosa: je, yametawanyika katika andiko zima, au yanatokea tu pale penye kisawe kisichozoeleka? Isitoshe, mifumo mipya inayozalisha matini, iliyoenea tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, inaweza kurekebisha upatanisho na kuifuta dalili hii kabisa.

Kwa hiyo, istilahi isiyo ya kawaida au kiambishi kisicho mahali pake ni sababu ya kuanza uchunguzi, si hukumu. Ushahidi ni matini chanzi iliyopatikana na kuwekwa kando ya matini inayoshukiwa, ili mfuatano wa hoja, mifano na hata makosa ya chanzo yalinganishwe aya kwa aya. Pale chanzo kisipopatikana, mwanafunzi aitwe aitetee kazi yake kwa mdomo kabla shahada yake haijaamuliwa.